Kuku Hakusajiliwa

Muuza mkaa, jirani wa ukuta mmoja, anadai ndiye aliyewaona kwanza. Anasema ilikuwa Jumanne asubuhi, anajaza debe la mkaa, mara ndege wa bluu kama hamsini wakatua juu ya paa la mdarizi. Hakushtuka. Kilichomuudhi ni kwamba waliunyea mkaa wake.

"Dada!" akaita. "Ndege wako wamerudi, na adabu hawana!"

Mdarizi alitoka na uzi mdomoni, akawaangalia miguu. Kila mmoja alikuwa na vidole vitatu kulia, viwili kushoto. Kosa hilo ni la nyumbani kwa mdarizi. Marehemu mama yake alijifunza kudarizi ndege kwa kumtazama kuku wa nyumbani, ambaye mlango ulimkata kidole. Binti alirithi mkono wa mama, kilema kikaja humo humo.

Ndege walikuwa wametoka kwenye foronya za kiwanda. Mwaka juzi watu wa kiwanda waliazima foronya zake arobaini wakazipiga picha, wakamrudishia zimekunjwa vizuri, na ahsante juu. Kompyuta yenye akili bandia ikalishwa picha hizo, ikaanza kutoa ndege mia kwa siku bila kuumwa mgongo. Sasa kiwanda kilikuwa kimeomba hakimiliki ya ndege hao, na barua ilishamfikia: aache kudarizi ndege yeyote anayefanana nao. Ndege mwingine mikono yake haimjui. Alijaribu maua wiki nzima. Yote yalitoka na vidole.

Akaenda ofisi ya hakimiliki kwa miguu, ndege wakimfuata kwa mstari. Mlangoni, mlinzi aliwaandika wote kwenye daftari la wageni.

"Shikamoo, mama," karani alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta mashahidi."

Karani alimnyanyua mmoja, akamhesabu vidole, kisha akafungua jalada la kiwanda. Foronya zilizokuwemo zilikuwa nyeupe pe.

"Kweli, wametoka huku."

"Na huko walitoka kwangu."

"Mama, fomu inauliza nani aliitumia mashine. Haiulizi nani aliifundisha."

"Na hicho kidole kilichopungua?"

"Hicho ndicho kimewapitisha. Imeandikwa hapa: ubunifu wa kipekee."

"Kuku wetu huyo!"

"Kuku hakusajiliwa, mama."

Akagonga muhuri kwenye ombi la kiwanda. Halafu, kwa kuwa ni mtu makini, akaandika chini yake kwamba ndege hamsini na wawili, mali ya kiwanda, wako mikononi mwa mdarizi, naye atawalisha mpaka wafuatwe. Akamwonyesha pa kuweka dole gumba. Mdarizi akaweka. Ndege mmoja alihamia begani kwake, wengine wakajipanga kwenye kabati la mafaili.

Mdarizi hakuinuka. Alitoa mkobani foronya moja, akaitandaza juu ya meza ya karani, akailainisha kwa kiganja. Sindano ilikuwa bado imechomekwa.

"Huyu nilimwanza kabla ya ile barua. Amebakia jicho tu. Tangu juzi anajigonga kwenye pindo, hajui pa kwenda." Akaichomoa sindano. "Niruhusu nimtie jicho, mwanangu. Hapa hapa, mbele yako. Ni mishono sita tu."

Karani alivuta jalada lililofuata, akalifungua.