Vidonge vya Siku Tatu

Tangu binti mmoja afungue duka lake la dawa ng'ambo ya barabara, mfamasia hakuwa na raha. Alisimama nyuma ya kioo akiwatazama wateja wake wa miaka mingi wakiingia kule, na kila aliyetoka na mfuko mkononi alimchoma kama mwiba.

"Yule ana tabasamu tu," alimwambia mkewe, aliyekuwa akipanga chupa za dawa za kikohozi. "Kazi haijui."

"Na wewe tabasamu lako umemwazima nani?" mkewe akamjibu.

Jumamosi mchana simu ya duka ikalia, mfamasia akaipokea kwa spika, mkewe akisikia.

"Shikamoo. Mimi jirani yako wa ng'ambo," ilisema sauti ya yule binti. "Nina mama hapa, dawa zake za kifafa zimeisha tangu jana, na daktari wake hayupo mpaka Jumatatu. Nataka nimpe za siku tatu zimvushe, lakini sina kumbukumbu zake. Anasema kwako zipo. Nithibitishie dawa na dozi tu."

"Mama gani?"

"Fundi cherehani. Anasema wewe ni mtoto wa kaka yake."

Shangazi yake! Aliyemlea, aliyemshonea hata koti jeupe alilovaa. Wengine wangekwenda, sawa. Lakini damu yake mwenyewe?

"Mwambie aje hapa. Ni kuvuka barabara tu."

Alisikia wakinong'ona. "Anasema hapana," binti akarudi.

"Basi asubiri. Kompyuta imekwama."

Akakata simu. Kompyuta ilikuwa nzima, na jina la shangazi lilikuwa pale pale kwenye kioo chake: vidonge viwili asubuhi, viwili jioni. Akamgeukia mzee aliyetaka dawa ya macho, akamweleza mara tatu jinsi ya kuitumia, polepole, mpaka mzee akamwambia, "Nimeelewa, mwanangu, mimi ni mgonjwa wa macho, si wa masikio."

Mzee alipotoka, mkewe akamsogelea.

"Amekosa dawa tangu jana. Akianguka na mkasi mkononi, utamwambia nani kompyuta ilikwama?"

Mfamasia aliandika dawa na dozi kwenye karatasi, akavuka barabara mwenyewe.

Shangazi hakuwa kwenye kaunta. Alikuwa nyuma ya pazia, kwenye kichumba chenye viti viwili, ameshikilia glasi ya maji. Binti alipokea karatasi, akaisoma, akasema ahsante kama mtu aliyeletewa zawadi. Hilo nalo likamuudhi.

"Shikamoo shangazi. Nimekukosea nini?"

"Marahaba." Alingoja binti aende kuhesabu vidonge. "Mwezi uliopita duka lako limejaa, ukanipigia kelele kutoka kule ndani: 'Shangazi, za kifafa umemeza?' Wateja wangu wawili walikuwa kwenye foleni. Mpaka leo hawajarudi kupimwa nguo. Huyu mtoto aliponiona tu mlangoni, alinileta huku ndiyo akaniuliza shida yangu."

Mfamasia alitazama lile pazia. Lilikuwa kitambaa cha kawaida, hata pindo halikunyooka. Akalionea wivu kuliko alivyowahi kulionea duka zima.

"Nisamehe, shangazi."

"Nimekusamehe."

Binti akarudi na vidonge kumi na viwili, akaeleza kwa sauti ya chini. Shangazi akameza viwili papo hapo.

"Jumatatu ukitoka kwa daktari," mfamasia akauliza, "utachukulia wapi?"

"Hapa hapa, mwanangu. Wewe njoo nyumbani unisalimie."

Jumatatu alimwona shangazi akiingia kule na cheti kipya cha daktari. Roho ilimuuma. Binti alipopiga simu kuomba kumbukumbu zote za mgonjwa, alimsomea tangu mwaka wa kwanza, bila kuruka hata mstari mmoja, mkewe akiwa kando anasikiliza.