Mwendo wa Mama

Tunu alipomwaga chai tena, watu watatu waliinuka kwa pamoja kumshika mkono. Dada yake mkubwa, fundi wa nguo, hakuinuka. Aliendelea kukata uzi kwa meno, moyoni akisema: anadeka.

Tunu lilikuwa jina la utani alilobandikwa na baba yao; fundi hakubandikwa lolote. Tangu utotoni, mapenzi yalikuwa ya mdogo mtu na lawama za mkubwa. Sasa mdogo anapepesuka akitembea, ulimi umeanza kuwa mzito, na nyumba nzima inamzunguka kama nyuki na malkia wao. Daktari wa kwanza alisema damu imepungua. Wa pili akasema ni sikio la ndani. Vidonge vikafuatana, hali ikawa ile ile. Kijicho kilimkaa fundi kooni kama mwiba wa samaki: hakimezeki, hakitemeki.

Kitu kimoja tu alimzidi Tunu. Mama yao alipofariki, Tunu alikuwa hajajua hata kutamka neno. Fundi alikuwa na umri wa kumkumbuka. Kumbukumbu hizo alizikalia kama bahili. Tunu akiuliza, hujibiwa kwa mkato: majirani walisema mama alikuwa mlevi, basi, yaishe.

Siku shemeji yake, mume wa Tunu, alipokosa ruhusa kazini, kumsindikiza mgonjwa hospitali kukamwangukia fundi. Safari hii walionana na daktari wa mishipa ya fahamu, mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Alimwomba Tunu atembee kutoka mlangoni hadi dirishani. Tunu akapanua miguu, kiwiliwili kikayumba, mkono ukatafuta ukuta. Fundi aliinuka kitini. Mwendo ule aliujua.

Daktari akauliza kama katika ukoo wao kuna aliyewahi kutembea hivyo. Tunu akatikisa kichwa. Fundi angeweza kunyamaza, kunyamaza alikuzoea.

"Mama yetu," alisema hatimaye. "Alitembea hivyo hivyo. Na pombe hakuwahi hata kuinusa. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshika mkono."

Daktari akaeleza taratibu kwamba yapo maradhi ya kurithi yanayokula ile sehemu ya ubongo inayoshika mizani ya mwili. Dawa ya kuyaondoa hakuna, ila mazoezi husaidia, na vile vidonge visivyofaa kitu viachwe. Damu ingethibitisha. Tena si ya Tunu peke yake: kila mtoto wa mama yule ana nusu ya bahati, nusu ya balaa.

Tunu hakumtazama daktari. Alimtazama dada yake, uso umemchanua kama aliyeletewa zawadi.

"Kumbe nimefanana naye, dada?"

Wivu ukamchoma fundi upya. Hata hili. Nusu ya moyo wake iliomba salama. Nusu ya pili, Mungu amsamehe, ilitamani kupepesuka kama mama.

Walikaa kwenye benchi la korido wakisubiri kutolewa damu, wote wawili. Tunu akaomba aambiwe zaidi. Fundi alichomoa uzi ulioganda kwenye nguo yake.

"Alikuwa akiimba akifua," alisema. "Sauti mbaya, mdogo wangu. Ila mwenyewe hajui."

Tunu akacheka mpaka akamwegemea. Fundi alilikaza bega lisitikisike, akaanza kuyapitia moyoni yaliyobaki ya mama, moja moja, akichagua lipi lifuate.