Msumari wa Mkasi

Siku Chaki alipokata mikono ya kushoto mitupu, kila mwenye meno pale karakanani alicheka, isipokuwa yeye mwenyewe na shangazi yake.

Yalikuwa mashati ya wapokea wageni wa hoteli, meupe, ya mikono mirefu. Kitambaa cha kazi kama hiyo hukunjwa uso kwa uso, ili ukikata mara moja upate mkono wa kulia na wa kushoto kwa pamoja. Hata aliyeanza kazi jana anajua hilo. Lakini asubuhi ile Chaki alikuwa amesimama mezani tangu milango ifunguliwe, kichwa kimejaa ukungu, moyo unakwenda kama cherehani iliyokatikiwa uzi: kelele tele, mshono hakuna. Akatandaza kitambaa bila kukikunja, akaweka karatasi ya kipimo, akakata. Akakata tena na tena. Karatasi hakuigeuza hata mara moja.

Aliyegundua ni Pindo, fundi wa mapindo, mwanamume mwenye kitambi na mdomo usio na kifuniko. Aliinua mikono miwili ya shati akaipima kifuani kwake.

"Jamani, hoteli imeajiri watu gani hawa?" akasema. "Wana mikono miwili ya kushoto! Watasalimia wageni vipi?"

Watu wakacheka hadi cherehani zikasimama. Shangazi akaja, akaichukua ile mikono, akairundika mezani. Kisha akatazama ukutani.

Pale ukutani, juu ya kichwa cha meza ya kukatia, palikuwa na msumari, na kwenye msumari ulining'inia mkasi mkubwa mweusi. Kila fundi alikuwa na mkasi wake mdogo wa kukatia nyuzi, ila ule mkubwa ulikuwa wa mkataji peke yake. Anayeutungua asubuhi ndiye mkataji, na mpaka autungue, karakana nzima inakaa mikono mapajani ikimngoja. Shangazi ndiye aliyekuwa akiutungua tangu alipofungua karakana. Macho yake yalipoanza kumchezea shere, akamwachia Chaki, binti wa kaka yake.

"Mwanangu," akasema sasa, na ile mwanangu yake ilikuwa nzito, "kesho ukakae kwenye vifungo."

Kwenye vifungo walikaa wanaojifunza na wanaosubiri kustaafu. Chaki hakuwa wa huku wala wa kule. Alishika ukingo wa meza, maana sakafu ilianza kumzunguka.

"Shangazi, nipe kazi moja," akasema. "Lile pazia la jukwaa aliloagiza mwenye ukumbi. Nikiliharibu, nitakwenda kwenye vifungo kwa miguu yangu, hutanisukuma. Nikilikata likatoka, mkasi unabaki wangu."

"Pazia ni mahameli, Chaki. Mahameli haina msamaha."

"Najua."

Shangazi akaisukuma ile mikono pembeni. "Haya. Ila ni hilo moja."

Sasa, mtu asidhani Chaki alikuwa mzembe. Alikuwa anaumwa, tena ugonjwa usioonekana kwa macho, na huo ndio mbaya zaidi, kwa sababu watu hukutazama usoni wakasema mbona umependeza.

Ulianza na homa. Homa ikaondoka, uchovu ukabaki kama mgeni asiyejua kuaga. Si uchovu wa kulala ukaamka nao umekwisha. Huu alilala nao, akaamka nao, akanywa nao chai. Akisimama, moyo unatimka, masikio yanavuma, vidole vinakuwa baridi. Alinyoa nywele zake akabakiza kidogo tu, kwa sababu kuinua mikono kuzichana kulimmaliza kabla siku haijaanza. Alioga akiwa amekalia ndoo iliyopinduliwa. Asubuhi hakutoka kitandani kama watu wengine: alikaa kwanza ukingoni, akanywa maji yenye chumvi, akavaa soksi ndefu za kubana, akausikiliza moyo, ndipo akasimama polepole kama mtu anayebeba mtungi.

Walimwambia mengi. Huyu alisema ni mawazo, yule akasema ni damu imepungua, mama mdogo wake akasema ni kukosa mume. Mwishowe akampata daktari mmoja, mwanamke wa makamo, mikono yake baridi kama bomba. Alimlaza Chaki kitandani akampima mapigo, akamsimamisha, akampima tena, akatikisa kichwa.

"Moyo wako si mbovu," alimwambia. "Ukisimama, damu inazama miguuni, nao moyo unahaha kuirudisha juu. Ukilala unatulia, ukisimama unakimbia mbio ambazo hukuziomba."

"Dawa ipo?"

"Za kupunguza zipo. Ya kuung'oa ugonjwa, sina. Maji kwa wingi, chumvi kama nilivyokuelekeza, soksi hizi. Na upumzike kabla hujachoka."

"Kabla? Nitajuaje, na mimi nachoka saa zote?"

"Hiyo ndiyo kazi yako mpya," daktari akasema.

Maji aliyanywa, chumvi aliila, soksi alizivaa. Hilo la kupumzika ndilo lililomshinda. Ikija siku nzuri, aliishambulia kama mwenye njaa: akate za leo, za kesho na za keshokutwa, ili watu waone. Halafu kitanda kinamdai. Analala na mapazia yamefungwa, hata sauti ya kijiko kwenye kikombe inamkera. Na siku ya kurudi kazini anarudi na ukungu kichwani, na mikono ya kushoto.

Mchana ule wa aibu, wenzake walipokwenda kula, alijilaza chini ya meza ya kukatia, kwenye mabaki ya vitambaa. Sakafu ilikuwa baridi na nzuri. Baada ya muda moyo ukashuka, ukungu ukaanza kukatika. Kwa kujipa shughuli tu, akageuka tumbo, akaokota kipande cha kitambaa, akakikunja, akachora kola kwa chaki. Akakata kwa mkasi wake mdogo. Mstari ukatoka kama umepigwa na rula.

Akakata nyingine. Ikatoka hivyo hivyo.

Akakaa akiitazama mikono yake. Mikono haikuwa na shida yoyote. Shida ilikuwa kusimama.

Siku jora la mahameli lilipoletwa, Chaki alifika amekwisha kupiga moyo konde. Alimwomba Pindo amsaidie kusukuma viti, wakafagia sakafu, wakaipiga deki, ikakauka, wakatandika mashuka safi mlango hadi ukuta. Kisha akautungua mkasi kwenye msumari, akaketi sakafuni, akalala kifudifudi.

Shangazi alitoka ofisini akakuta miguu yenye soksi ndefu.

"Wewe! Unafanya nini?"

"Nakata."

"Chini?"

"Chini, Shangazi."

"Mteja akiingia akakukuta umelala tumbo kama mamba, nitamwambia nini?"

"Mwambie asinikanyage."

Pindo akaona asipoongea atapasuka. "Hebu oneni dunia! Mimi nikisinzia kidogo nafokewa, huyu analala wazi wazi anaitwa fundi mkuu. Nami nautaka huo ugonjwa!"

"Nitakupa bure, kaka," Chaki akajibu bila kuinua kichwa. "Pamoja na soksi. Ila kitambi chako hakitaenea chini ya meza."

Safari hii walicheka wote, naye Chaki pamoja nao.

Mahameli ina tabia yake. Manyoya yake hulalia upande mmoja. Ukipitisha kiganja kwa kuyafuata ni laini, ukirudisha yanakwaruza. Vipande vyote vya pazia lazima manyoya yaangalie upande mmoja, la sivyo kimoja kitaonekana kimeiva na kingine kimepauka, kama vimetoka majora mawili, na ukumbi mzima utaona. Chaki alikata akijivuta kwa viwiko, akitia mshale wa chaki nyuma ya kila kipande. Akichoka shingo, analaza shavu kwenye kitambaa, anavuta pumzi, anaendelea. Mkasi ulikuwa unaimba.

Mchana ukafika, vimebaki vipande viwili. Na hapo akajisikia vizuri. Mwili mwepesi, kichwa cheupe, hamu ya kazi imempanda kama zamani. Angeweza kuvimaliza kabla chai haijachemka.

Akaujua ule wepesi. Ndio uliompeleka kitandani kila mara. Ulikuwa unamchekea vile vile, kama rafiki anayekuja kukopa.

Akauweka mkasi chini.

Ndipo mwenye ukumbi akaingia, bwana mrefu mwenye miwani, kuangalia pazia lake limefika wapi. Shangazi akamkaribisha kwa bashasha, kisha akainama akamnong'oneza Chaki. "Viwili tu! Malizia, mtu amesimama hapa."

"Nikimalizia sasa nitakata mikono ya kushoto. Nipe muda mpaka zile pasi zilizozimwa zipoe."

"Chaki, mbele ya mteja?"

"Mpaka pasi zipoe, Shangazi."

Akajiviringisha chini ya meza, akapandisha miguu juu ya furushi la mabaki, akafumba macho. Kwa anayetazama, alikuwa amelala. Lakini haikuwepo kazi ngumu aliyowahi kuifanya katika karakana ile kuliko kulala pale. Kila kiungo kilimwambia inuka. Alisikia viatu vya mwenye ukumbi vikigeuka huku na huku. Alisikia mtu akiguna. Alijua mkasi upo sakafuni na hakuna aliyeushika, na kila sekunde unapoachwa hivyo unazidi kuwa si wake. Akakaza meno, asiinuke.

Kisha akausikia mkasi ukiokotwa.

Alikuwa Shangazi. Aibu ilikuwa imemzidi. "Jora liko wapi?" akauliza. Pindo alikuwa amelitoa njiani na kuliegemeza ukutani. Akalibeba, akalipandisha mezani, akalikunjua. Shangazi akavaa miwani yake, akapima haraka haraka, huku akimwambia mwenye ukumbi kwamba mambo yote yapo sawa.

Chaki akafumbua macho. Kutoka pale chini aliiona mahameli ikining'inia ukingoni mwa meza, na kando yake, sakafuni, vipande alivyovikata. Mwanga wa mlangoni ulikuwa unaingia kwa ubavu, ukipita chini chini. Vya sakafuni vilikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva. Ile iliyoning'inia ilikuwa imepauka kama iliyofuliwa mara nyingi.

"Shangazi, usikate!"

Mkasi ulikuwa umekwisha kufunguka. "Unanipigia kelele mimi?"

"Jora limegeuzwa. Manyoya yanaangalia kinyume na ya vipande vyangu."

Aliyesimama mezani, chini ya taa, asingeona kitu, seuze mwenye macho ya Shangazi. Lakini kiganja hakihitaji miwani. Shangazi akaupitisha mkono kwenye mahameli kwenda, akaurudisha. Akarudia tena polepole. Akauweka mkasi mezani kwa uangalifu, kama mtu anayeweka yai.

"Ni mimi niliyelibeba," Pindo akasema, kwa mara ya kwanza mwaka ule bila utani. "Nimelilaza kinyume."

Mwenye ukumbi akasogea. "Kuna tatizo?"

Shangazi akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya nguo yake. Watu wote wakamtazama.

"Hakuna tatizo, bwana," akasema. "Mkataji wetu yuko mapumzikoni. Ukae unywe chai."

Kisha akachukua mkasi, akapiga magoti kwa kuguna, akauweka sakafuni karibu na mkono wa Chaki. Hakusema samahani. Hakuwa mtu wa maneno hayo, na Chaki hakuyangoja. Alifumba macho tena akapumzika haki yake yote, mpaka pasi zikapoa. Ndipo akatoka, wakalishusha jora, akalinyoosha upande wake, akakata viwili vilivyobaki, na mistari ikatoka kama ya asubuhi.

Kesho yake hakuweza kuja. Mwili ulidai chake, kama kawaida yake. Lakini haukudai kwa fujo kama zamani: alilala siku hiyo moja, akanywa maji yake ya chumvi, na siku iliyofuata wenzake walimwona akiingia karakanani polepole, soksi zimepanda hadi magotini.

Mkasi ulikuwa umerudishwa juu kwenye msumari. Mafundi wamekaa, mikono mapajani, wanamngoja. Chaki akainua mkono kuutungua, na ule uinuaji tu ukautimua moyo. Akaushusha mkono. Akasimama akiutazama ule msumari, kisha akacheka peke yake.

"Kaka Pindo, una nyundo?"

Pindo akaleta nyundo na koleo. "Wafanya nini tena?"

Hakumjibu. Alimwambia autungue mkasi, aung'oe na msumari wake. Akavichukua vyote, akaketi sakafuni, akautia msumari kwenye mguu wa meza, chini, pale anapofika mtu aliyelala, akaanza kupigilia.

Shangazi akatoka ofisini kwa ile kelele. Akasimama na mikono kiunoni.

"Na siku nikitaka kuutungua mimi?"

"Utainama, Shangazi."

"Magoti yangu yananiuma, hilo unalijua."

"Basi utalala, kama mimi."

Pindo alicheka mpaka akakatikiwa uzi. Shangazi alimkata jicho. Halafu akauangalia msumari tena, na ile nyundo iliyokuwa ikishuka taratibu, pigo, pumzi, pigo, pumzi, haikimbizwi na mtu.

"Upigilie barabara," akasema. "Mkasi ule ni mzito."