Zamu ya Maumivu

Kidole cha Mwishehe kilitelemka juu ya ngazi iliyochorwa kwenye kipande cha boksi, kikapita katikati bila kusita, kikatua karibu na chini kabisa.

Ndugu Albano, mtafiti kutoka chuoni, alikuwa ameeleza vizuri. Kidato cha juu ni mtu mwenye afya tele. Cha chini ni mtu aliyechoka kuishi. Serikali ilitaka kujua kama dawa za saratani, zinazoagizwa ng'ambo kwa fedha za kigeni ambazo zenyewe hupatikana kwa kubahatisha, zinawapa wagonjwa nafuu ya maisha au zinawaongezea siku tu.

"Juzi ulikuwa kule juu, Ndugu Mwishehe," Albano alishangaa. "Nilipokukuta chumba kile."

Chumba kile, ng'ambo ya ukumbi, kilikuwa cha Tabu, mke mdogo. Somoe, mke mkubwa, aliyekuwa akimkanda mumewe miguu, aliacha kukanda. Katika nyumba ile ya Temeke hata maradhi hayakuvunja zamu. Mgonjwa alihamishwa chumba hadi chumba, kila mke apate haki yake. Kumbe haki ya Somoe ilikuwa vilio, na raha zote zililiwa upande wa pili! Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga, nao hawakukosea. Wivu ulimkaba hata akasahau kumuaga mgeni.

Alimfuata Tabu uani, akamkuta anapepeta mchele.

"Unampa nini mume wangu?"

Tabu aliweka ungo chini. "Nimpe nini, bi mkubwa? Mie hata panapomuuma sipajui."

"Usinifanye mtoto."

"Haki ya Mungu tena! Haniambiagi. Kwangu ni mizaha tu, nikimgusa tumbo anasema limepoa. Juzi nimeingia ghafla nikamkuta kauma shuka, jasho linamtoka. Aliponiona akaanza kunisimulia habari za mpira." Akauvuta ungo karibu. "Kwako analia. Nasimama ukumbini namsikia, roho inaniuma. Mie mkewe au mgeni wake?"

Somoe alikuwa amekuja na maneno makali, yote yakayeyuka, na mahali pake pakajaa furaha aliyoionea haya.

Alasiri zamu ilibadilika. Walimsaidia Mwishehe kuvuka ukumbi, kisha Tabu akamvuta Somoe kando.

"Nifundishe, dada. Panamuuma wapi? Nimlazeje?"

Somoe alipajua, chini ya mbavu za kushoto. Alijua kwamba alazwe ubavu wa kulia, akandwe kwa kitambaa cha moto, na asichekeshwe, kwani kucheka kunamchana. Yote hayo yalikuwa ulimini.

"Hajambo," alisema. "Leo hajalalamika kabisa."

Akaingia chumbani kwake, akaketi. Haukupita muda, Mwishehe akacheka kule ng'ambo, kicheko kirefu cha kumfurahisha mke mdogo. Somoe alijua kinavyomchana. Alishika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, asiinuke.