Dawa ya Tumbo la Faucheret

Pale uwanja wa ndege wa Juvisy hapakuwa na fundi mwenye roho ya korosho kumshinda Ghislain Faucheret. Mwenyewe alilijua hilo, wala hakuona haya.

Asubuhi moja Anatole Vasselin alimfuata bandani, kofia mkononi. Walisoma chuo kimoja, na sasa kila mmoja alikuwa ameunda injini ya kuzunguka, ile ambayo silinda zake huzunguka pamoja na panga la mbele la ndege. Jeshi lingenunua moja tu, kesho yake, baada ya majaribio ya nusu saa angani. Ya Vasselin ilikuwa nyepesi zaidi na yenye nguvu zaidi. Balaa lake moja: kila baada ya dakika kumi ilikwama.

"Ghislain, ndugu yangu, niokoe. Wewe unatia mafuta gani?"

Faucheret aliujua ugonjwa huo. Petroli ilikuwa ikiyeyusha mafuta ya kawaida, vyuma vikabaki kusagana vikavu. Mafuta ya nyonyo peke yake ndiyo yaliyostahimili, na kuligundua hilo kulimchukua miaka miwili.

"Ya mashine tu, ya kawaida. Wewe unayabania mno. Ongeza!"

"Mbona humu ndani kunanuka nyonyo?"

Mafundi wake waliokuwamo wakainamia kazi.

"Dawa ya tumbo langu hiyo, bwana! Leo siku ya tano choo sikijui. Au unataka uje unishike mkono?"

Banda zima likaangua kicheko. Vasselin akaiva uso kwa aibu, akaomba radhi, akashukuru mara mbili, akaenda zake. Faucheret alifurahi siku nzima.

Kesho yake Vasselin alirusha ndege mwenyewe. Mafuta aliongeza kama alivyoambiwa, na dakika kumi zikapita injini ikinguruma vizuri, zikapita ishirini, hadi Faucheret akaanza kutokwa jasho. Dakika ya ishirini na tatu injini ikakwama. Panga lilisimama ghafla, ndege ikalala ubavu, ikaanguka kando ya reli.

Jumapili Faucheret alikwenda hospitali kumtazama, amevaa suti mpya. Vasselin alikuwa amekatwa miguu yote miwili.

"Nilikosea wapi, Ghislain? Kutwa napiga hesabu, sipati."

Ukweli ulimfika Faucheret kooni. Mkataba wake na jeshi ulikwisha kutiwa saini, asingepoteza chochote kwa kuutema. Akaumeza.

"Ulizidisha kasi. Na nilikuonya."

"Ulinionya?"

"Si palepale bandani, mbele ya mafundi wangu! Waulize."

Vasselin alifumba macho, akayatafuta maneno hayo kichwani kwa muda mrefu. Machozi yakamtoka.

"Kweli, ulinionya. Mimi ndiye sikusikia. Nisamehe, ndugu yangu."

Faucheret akamwambia amemsamehe.