Kitufe cha Mama

Mdogo mtu alisoma kozi ya wiki mbili akarudi anaitwa Injinia. Injinia wa nini, muulize mwenyewe. Dada yake, fundi redio kwa miaka ishirini sasa, alimwita hivyo kwa amani ya nyumba tu. Debe tupu haliachi kuvuma.

Mama yao alikuwa amepooza, sauti imekwenda, amebakiwa na mkono mmoja unaofanya kazi. Injinia akamtengenezea kitufe cha kitandani: akikibonyeza, chipu inawasha taa jikoni, mtu anakwenda. Siku ya kwanza taa iliwaka mara thelathini. Kila dada mtu alipokimbilia chumbani, mama alitikisa kichwa. Hajaita.

"Anabonyeza halafu anasahau," Injinia akasema mlangoni, mama akimsikia. "Akili zimeshamruka, dada. Tumpeleke kwenye nyumba ya wazee."

Mama akageuzia uso ukutani. Dada mtu aliona mabega yake yakitikisika, na hasira zikampanda. Akachukua kitufe na waya wake, akakiweka kwenye meza ya jikoni.

"Mikono nyuma," akamwambia Injinia.

Taa ikawaka. Ikazima. Injinia alipoinama kuitazama, ikawaka tena.

"Betri hiyo," akasema. "Au programu."

"Au mama katoroka kitandani."

Dada mtu akaifunua saketi. Kumbe bwana mkubwa hakuweka rezista, kile kipingamizi kidogo cha umeme, ya kuifunga pini ya chipu kwenye hasi! Kitufe kisipobonyezwa, pini inaning'inia hewani, inaokota umeme wowote unaopita, hata wa mkono wa mtu, na chipu inadhani imeitwa. Kosa la somo la kwanza, na aliyelifanya ndiye anayepima akili za mama yake. Dada mtu akachomoa rezista kwenye redio mbovu, akaichomelea. Taa ikatulia. Wakakirudisha kitufe mkononi mwa mama, wakarudi jikoni.

"Kumbe ni kitu kidogo tu," Injinia akasema.

"Kidogo eti. Na ulichomwambia mama?"

Injinia akajifanya anakunja waya. Taa ikawaka.

"Si unaona, inawaka yenyewe," akasema haraka.

"Twende."

Walimkuta mama amekibonyeza kitufe kwa kidole gumba, kucha imekuwa nyeupe, amemkazia macho mwanawe mdogo. Hakukiachia mpaka Injinia alipopiga magoti na kuomba radhi.