Adventina na Watu wa Kijiji Chake

Adventina alikuwa fundi cherehani Kabasa, mjini Bunda, mcheshi hata wateja walimpelekea nguo ambazo hazikuchanika ili mradi wakapige soga kwake. Alizaliwa mashariki ya Kongo, akakimbia vita akiwa msichana, akaja kuolewa na Onesmo, muuza mbao. Jinsi kijiji chao kilivyochomwa hakupenda kusimulia.

Mwaka jana wapelelezi wakamtafuta. Kamanda wa waasi walioua watu wa kijiji kile alikuwa amekamatwa Ulaya, alikojificha kwa jina lingine. Wakamwomba atoe ushahidi kwa video, akiwa mahakamani Musoma.

"Nitaenda," akamwambia mumewe. "Ila peke yangu siwezi."

Basi akaja wifi yake Rhobi kutoka Mwitongo, mjane mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio mlima wa pili. Wakafikia kwa ndugu yao mtaa wa Makoko, Musoma, na asubuhi Rhobi akamtolea gauni jekundu.

"Wifi, naenda mahakamani, siendi harusini."

"Huyo mtu alitaka ufe. Akuone ulivyonenepa."

Adventina akacheka mpaka akakaa kitandani. Akalivaa.

Kwenye skrini kamanda alikuwa mzee wa miwani, mtulivu kama katekista. Adventina akaeleza: mtu huyu alikuwa akila kwenye mgahawa wa mama yake Adventina, na Jumapili ya mauaji alisimama nje ya kanisa akaamuru vijana wake wafunge milango na kuwasha moto. Adventina aliyaona hayo akiwa shambani kando ya kanisa, alikotumwa kuchuma kisamvu.

"Ulikuwa mtoto," wakili wa kamanda akasema kwa upole. "Huenda umemfananisha."

"Nilimwandalia chakula kila siku ya soko. Alikuwa hali pilipili. Mama alimpikia mboga yake kando."

Jaji akamuuliza kama ana la kuongeza.

"Mheshimiwa, tangu asubuhi watu wetu wanaitwa marehemu tu. Naomba niseme walivyokuwa."

Wakili akapinga. Jaji akamruhusu.

Mzee Apolinary, mlinzi wa kanisa, aliiba kwenye mchezo wa bao na kila mtu alijua. Nathan, mpiga ngoma, alichumbia wasichana wawili wa nyumba moja. Mama yake Adventina alianza kucheka kabla hajamaliza hadithi zake mwenyewe, hivyo hakuna aliyejua zilivyoisha. Mkalimani akakwama kwa kicheko. Jaji akainama kuficha tabasamu. Kamanda akavua miwani, akaifuta muda mrefu, wala hakuitazama tena skrini.

Nje, Adventina akalia kifuani kwa Rhobi.

"Watu wazuri hivyo, mbona hukutuambiaga?"

"Niliogopa mtawahurumia tu, hamtawapenda."

Hukumu ilipotoka, kamanda alifungwa maisha. Rhobi akauita ukoo mzima Mwitongo. Mchungaji akawaombea waliokufa, wakaimba, kisha wakala sato na kisamvu alichokiunga Adventina kwa mawese. Akasimulia habari za watu wa kijiji chake mpaka jua likazama, wasikilizaji wakimdai mtu mwingine, na mwingine tena. Onesmo, aliyeishi naye miaka yote hiyo, alisikiliza akiwa ameshika sahani bila kula.

"Mwakani kumbukumbu hii tuifanyie kwetu Bunda," akasema.

"Pale kwenu?" Rhobi akamuuliza. "Hawa watu wote utawakalisha wapi?"